Picha kama Shahidi: Mbinu na Kanuni za Upigaji Picha Mahali pa Uhalifu

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba asiyekuwapo na lake halipo. Methali hii inaafiki barabara hali inayoikabili mahakama yoyote inayosikiliza kesi ya jinai. Hakimu hakuwapo usiku ambapo duka lilivunjwa. Wakili hakuwapo. Na iwapo kesi ni ya mauaji, yule aliyekuwapo na ambaye angeyaeleza yote hawezi tena kunena. Mahali penyewe napo hapadumu jinsi palivyokuwa. Mvua hunyesha ikafuta nyayo, damu hukauka ikabadilika rangi, majirani huingia kutoa pole, na baada ya siku chache wenye nyumba huosha sakafu kwa kuwa maisha hayana budi kuendelea. Maji yakimwagika hayazoleki. Kinachosalia ni vitu vichache vilivyookotwa, maneno ya mashahidi, na picha.

Ndiyo maana upigaji picha ni miongoni mwa kazi za mwanzo kabisa zinazofanywa mahali pa uhalifu, kabla ya kitu chochote kuguswa au kuondolewa. Hata hivyo, kuna imani iliyoenea miongoni mwa watu kwamba picha haidanganyi, na kwamba mwenye kamera anachohitaji ni kubonyeza kitufe tu. Makala haya yanaeleza mbinu na kanuni za taaluma hii, na yanashikilia kwamba picha haiaminiki kwa sababu tu imetoka kwenye mashine. Huaminika kutokana na nidhamu ya aliyeipiga, aliyeitunza na aliyeisoma. Mwamba ngoma, wasema wahenga, huvutia kwake. Takriban kila kanuni itakayoelezwa hapa ilibuniwa ili kumzuia mwamba ngoma huyo.

Chimbuko la taaluma

Novemba 9, 1888, mwili wa Mary Jane Kelly ulipatikana chumbani mwake katika mtaa wa Spitalfields jijini London, na kamera ikaletwa hadi mle chumbani. Miongoni mwa wanawake watano ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa waliuawa na mtu aliyepewa lakabu ya Jack the Ripper, ni yeye pekee aliyepigwa picha palepale alipofia. Wengine walipigwa picha baada ya kupelekwa chumba cha maiti. Tofauti baina ya picha hizo ni kubwa. Picha ya chumba cha maiti huonyesha majeraha pekee, ilhali picha ya mahali pa tukio huonyesha pia kitanda, meza, ukuta na nafasi iliyopo baina yavyo. Uhusiano huo wa vitu ndio unaomwezesha mpelelezi kujua jambo lilivyotendeka.

Aliyeigeuza kazi hii kuwa ya vipimo ni Mfaransa Alphonse Bertillon (1853–1914), aliyejiunga na polisi wa Paris mwaka wa 1879. Bertillon alisimamisha kamera juu ya stendi iliyozidi kimo cha mtu, lenzi ikiangalia chini, ili mwili na vitu vilivyouzunguka vionekane kutoka juu. Picha zilibandikwa kwenye kadi zenye kingo zilizochorwa vipimo, hivi kwamba umbali ungeweza kukadiriwa baadaye ofisini. Ni yeye pia aliyesanifisha picha za washukiwa, moja ya uso na nyingine ya ubavu, utaratibu ambao ungali unatumika. Baadaye Rodolphe Archibald Reiss, aliyefundisha upigaji picha katika Chuo Kikuu cha Lausanne nchini Uswisi, alianzisha chuoni humo taasisi ya sayansi ya upelelezi mwaka wa 1909. Mwaka uliofuata, Edmond Locard aliasisi maabara ya polisi mjini Lyon, Ufaransa. Locard hukumbukwa kwa kanuni kwamba watu au vitu viwili vinapogusana, kila kimoja humwachia mwenzake alama fulani. Kazi ya mpiga picha ni kuzihifadhi alama hizo pamoja na mahali zilipokuwa.

Hatua tatu: huku, hapa na humu

Picha za mahali pa uhalifu hupigwa kwa hatua tatu, na mwanafunzi wa Kiswahili anaweza kuzikumbuka kwa urahisi akirejelea ngeli ya mahali. Hatua ya kwanza ni ya picha za jumla, zinazojibu swali: kuna nini huku? Jengo hupigwa picha kutoka nje pande zote, pamoja na barabara, njia za kuingilia na za kutokea. Kisha kila chumba hupigwa kutoka pembe zote nne, kamera ikiwa katika kimo cha macho, na kila picha ikibeba sehemu ndogo ya ile iliyotangulia ili pasiwe na pengo.

Hatua ya pili ni ya picha za kati, zinazojibu swali: pana nini hapa? Kisu kilicho chini ya meza huonyeshwa pamoja na mguu wa meza na kizingiti cha mlango, yaani pamoja na vitu visivyohamishika ambavyo tayari vimeonekana katika picha za jumla. Hatua ya tatu ni ya picha za karibu, zinazojibu swali: mna nini humu? Hapa kisu hujaza fremu nzima hadi mikwaruzo ya mpini wake ikasomeka.

Kidole kimoja hakivunji chawa, na picha moja haitoshi kutoa ushahidi. Picha ya karibu bila ya kati ni kisu kisichojulikana kilikokuwa, nayo picha ya kati bila ya karibu haiwezi kuthibitisha mambo madogo. Kesi ya O. J. Simpson nchini Marekani inalidhihirisha hili. Watu wawili waliuawa mjini Los Angeles usiku wa Juni 12, 1994. Doa la damu kwenye lango la nyuma la nyumba ya mmoja wao lilichukuliwa Julai 3, wiki tatu baadaye. Kortini mwaka wa 1995, mawakili wa utetezi walionyesha picha ya lango hilo iliyopigwa Juni 13, wakadai kwamba doa halikuwamo. Upande wa mashtaka ulisisitiza kwamba maafisa waliliona tangu siku ya kwanza. Picha ya karibu ya doa hilo, yenye kipimo na iliyopigwa siku hiyo ya kwanza, ingeyamaliza mabishano hayo mapema. Oktoba 3, 1995, mshtakiwa aliachiliwa. Sababu za uamuzi huo zilikuwa nyingi, lakini pengo hilo lilitumiwa ipasavyo na utetezi katika kuutilia shaka ushahidi wa mashtaka.

Mpangilio huu una masharti mengine mawili. Kwanza, mahali hupigwa picha kabla ya vibao vya namba kuwekwa, kisha hupigwa tena vikiwa vimewekwa, ili pasiwe na shaka kwamba vibao vimefunika kitu. Pili, palipo patupu napo hupigwa picha. Dirisha lisilovunjwa na vumbi lisilokanyagwa huweza kuthibitisha kwamba mtu hakupita njia anayodai kupita.

Kipimo, pembe na mwanga

Kila picha ya karibu hupigwa mara mbili: kwanza bila rula, kisha ikiwa na rula. Ile ya kwanza huthibitisha kwamba rula haikuwekwa ili kuficha jambo, nayo ya pili huwezesha kitu kupimwa. Rula yenyewe lazima iwe katika kina kimoja na kitu kinachopimwa. Chukua mfano wa alama ya kiatu iliyozama sentimita 2 ardhini. Rula ikiachwa juu ya ardhi, na kamera iwe mita moja juu ya rula hiyo, rula itakuwa karibu na lenzi kuliko alama. Kiatu chenye urefu wa sentimita 30 kitasomeka kana kwamba kina sentimita 29.4. Milimita 6 zinaweza kuonekana kidogo, ilhali zinazidi nusu ya saizi moja ya kiatu kwa vipimo vya Uingereza. Mtu asiye na hatia anaweza kuingizwa kwenye orodha ya washukiwa, au mhalifu akaondolewa, kwa kosa la kuweka rula mahali pasipofaa. Kwa hiyo, mpiga picha hutafuta kando ya alama mahali pa kuchimba kidogo ili rula ilingane na wayo wa kiatu.

Pembe nayo ina uzito uo huo. Kamera sharti iangalie kielelezo moja kwa moja, lenzi ikifanya pembe mraba na sehemu inayopigwa picha. Umuhimu wa sharti hili hudhihirika katika madoa ya damu. Tone linaloanguka wima huacha doa la mviringo, na linalogonga kwa mshazari huacha doa refu kama yai. Wataalamu hukadiria pembe ya tone kwa kulinganisha upana na urefu wa doa: doa ambalo upana wake ni nusu ya urefu wake huashiria pembe ya takriban digrii 30. Kamera ikiinamishwa, doa la mviringo huonekana kama yai. Msomaji wa picha huweza basi kukisia pigo lililotoka upande ambako hapakuwa na mtu.

Lenzi pia huchaguliwa kwa uangalifu. Kwa kamera ya filamu ya milimita 35, au ya dijitali yenye kihisi cha ukubwa huo, lenzi ya milimita 50 huonyesha umbali kwa namna inayokaribiana na jicho la binadamu. Lenzi pana hufanya chumba kidogo kionekane kama ukumbi, na lenzi ndefu husogeza vitu vikaonekana vimekaribiana. Swali la iwapo shahidi aliweza kumtambua mtu kutoka dirishani linaweza kupotoshwa na uchaguzi huo peke yake. Tundu la lenzi nalo hupunguzwa, aghalabu hadi f/8 au f/11, ili vitu vya mbele na vya nyuma vionekane wazi kwa pamoja. Tundu dogo huruhusu mwanga haba, kwa hiyo kamera hukaa muda mrefu zaidi ikiwa wazi, na stendi ya miguu mitatu huzuia mtikisiko.

Kuhusu mwanga, kanuni kuu ni kwamba alama zenye kina huonekana kwa vivuli vyake. Taa ikimulika alama ya tairi kutoka juu, mifereji yote hung'aa sawa na kupotea. Taa ikilazwa kando, karibu na ardhi, kila mwinuko hutupa kivuli na umbo likajitokeza. Kwa kuwa mwanga wa upande mmoja huficha mistari inayouelekea, taa huhamishwa na picha hurudiwa kutoka pande tatu au nne huku kamera ikiwa haijasogezwa. Plasta humiminwa baada ya picha kupigwa, si kabla, kwa sababu umiminaji huo unaweza kuiharibu alama yenyewe.

Yasiyoonekana kwa macho

Kuna ushahidi ambao macho hayauoni, lakini kamera ikisaidiwa huunasa. Baruti iliyotawanyika kwenye shati jeusi hupotea ndani ya weusi wa kitambaa, bali chini ya mwanga wa infraredi vitambaa vingi vyeusi huonekana vyeupe na chembe za baruti zikabaki nyeusi. Mwanga wa buluu, ukitazamwa kupitia kichujio cha rangi ya chungwa, hufanya baadhi ya majimaji ya mwili na nyuzi za nguo zing'ae.

Luminoli ni kemikali inayonyunyiziwa pahali panaposhukiwa kuwa palioshwa damu. Ikikutana na madini ya chuma yaliyomo katika damu, hutoa mwanga hafifu wa buluu unaodumu kwa muda mfupi. Kwa hiyo, chumba hutiwa giza, kamera huwekwa tayari kwenye stendi kabla ya kunyunyizia, na lenzi huachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Hata hivyo, luminoli hung'aa pia inapokutana na dawa za kupaushia nguo na baadhi ya metali kama vile shaba. Picha ya sakafu inayong'aa basi huonyesha mahali pa kuchukua sampuli, wala haitoshi peke yake kuthibitisha kwamba palimwagika damu.

Daftari na lugha ya maelezo

Picha isiyo na maelezo ni sawa na shahidi asiye na jina. Kila picha huandikwa katika daftari: namba yake, tarehe, saa, mahali, upande ambako kamera ilielekezwa, na kilichopigwa. Saa ya kamera hulinganishwa na saa sahihi kabla ya kazi kuanza, kwa kuwa hitilafu ya nusu saa inaweza kuufanya ushahidi wa kweli uonekane wa kubuni.

Hapa ndipo taaluma ya picha inapokutana na taaluma ya lugha. Mwenye daftari hutakiwa kuandika alichokiona, si alichokifasiri. Anayeandika “damu ya marehemu ukutani” amekwisha kutoa hukumu tatu: kwamba ni damu, kwamba ni ya binadamu, na kwamba ni ya mtu fulani. Hukumu hizo ni za maabara. Maelezo yanayofaa ni “doa la rangi nyekundu inayoelekea kahawia, ukuta wa mashariki, sentimita 110 kutoka sakafuni”. Vivyo hivyo, “silaha ya mauaji” huandikwa “kisu chenye mpini wa mbao”, na “alama za kukokotwa” huandikwa “michirizi miwili sambamba kwenye vumbi”.

Jambo hili si dogo nchini Kenya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kifungu cha 198, hutaja Kiingereza kuwa lugha ya Mahakama Kuu, na Kiingereza au Kiswahili kuwa lugha za mahakama za chini. Shahidi anaweza kueleza picha kwa Kiswahili na maelezo yake yakanakiliwa kwa Kiingereza, au mshtakiwa akategemea mkalimani ambaye Katiba ya 2010, katika kifungu cha 50, inampa haki ya kuwa naye bila malipo. Shahidi akisema “doa” na mkalimani akatamka neno la “damu”, picha imebadilishwa bila mtu yeyote kuigusa. Hali kadhalika, aliyesema “mle kabatini” na aliyesema “pale kabatini” hawajasema jambo moja.

Picha mbele ya mahakama

Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, iliandaliwa katika zama za filamu. Kifungu chake cha 78 kinakubali katika kesi za jinai cheti cha afisa aliyeteuliwa rasmi, ambaye ametayarisha picha kutokana na filamu aliyokabidhiwa. Ujio wa kamera za dijitali ulizua maswali mapya, kwani faili hunakiliwa bila kupungua na huweza kurekebishwa bila kuacha kovu linaloonekana. Mwaka wa 2009 sheria hiyo iliongezewa kifungu cha 106B kuhusu rekodi za kielektroniki na cheti cha kuzithibitisha. Mwaka wa 2014 kiliongezwa kifungu cha 78A, kinachoitaka mahakama, inapoupima uzito wa ushahidi wa dijitali, izingatie jinsi ulivyotengenezwa, ulivyohifadhiwa na ulivyolindwa usiharibiwe.

Matakwa hayo huamua mambo mengi ya kiutendaji. Faili asilia huhifadhiwa kando na haifanyiwi marekebisho kamwe. Kuongeza mwanga au kukuza hufanywa kwenye nakala, na kila hatua huandikwa. Hakuna picha inayofutwa, hata iliyotoka na ukungu, kwa maana namba ikiruka katika mfululizo, wakili atauliza picha iliyokosekana ilionyesha nini. Aidha, kompyuta huweza kukokotoa kutoka kwenye faili namba ndefu inayoitambulisha. Nukta moja tu ya picha ikibadilishwa, namba hiyo hubadilika. Kila mtu anayepokea faili hutia sahihi, ndipo mlolongo wa utunzaji ukakamilika kutoka mahali pa tukio hadi kizimbani.

Jicho la msomaji

Hata picha iliyopigwa kwa kufuata kanuni zote bado huhitaji msomaji mwadilifu. Machi 11, 2004, mabomu yalilipuka katika treni mjini Madrid, Uhispania, yakaua zaidi ya watu 190. Alama ya kidole ilipatikana kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa na vilipuzi, na picha yake ya dijitali ikapelekwa kwa wapelelezi wa FBI nchini Marekani. Kompyuta ilitoa orodha ya watu 20 ambao alama zao zilikaribiana nayo. Wataalamu wa FBI walimchagua Brandon Mayfield, wakili wa jimbo la Oregon aliyekuwa amesilimu. Polisi wa Uhispania walieleza mwezi wa Aprili kwamba alama hizo hazikulingana. Hata hivyo, Mayfield alikamatwa Mei 6, na mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama naye akaafikiana na FBI. Mei 19, Wahispania walitangaza kwamba alama hiyo ilikuwa ya raia wa Algeria, na Mayfield akaachiliwa siku iliyofuata. Mwaka wa 2006 serikali ya Marekani ilikubali kumlipa dola milioni 2.

Mwanzoni FBI ilidai kwamba ubora wa picha ndio uliosababisha kosa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha vingine: wataalamu waliishikilia alama ya Mayfield, kisha wakaanza kuona katika picha ya mfukoni mambo ambayo hayakuwamo, na tofauti zilizoonekana wakazitafutia visingizio. Bertillon mwenyewe, baba wa vipimo, hakuepuka mtego huu. Mwaka wa 1894 alitoa ushahidi kuhusu mwandiko katika kesi ya Kapteni Alfred Dreyfus, akashikilia kwamba tofauti za mwandiko zilikuwa hila ya Dreyfus kujificha. Dreyfus alitangazwa kuwa hana hatia mwaka wa 1906. Kwa kutumia hoja ya aina hiyo, mfanano na tofauti vyote viwili huwa ushahidi wa hatia, na mshtakiwa hana pa kutokea.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba picha ya mahali pa uhalifu hujengwa kwa hatua tatu zinazoshikana, kwa kipimo na pembe sahihi, kwa mwanga unaofichua badala ya kupamba, kwa daftari lisilotangulia maabara, na kwa utunzaji usio na pengo. Imedhihirika pia kwamba kanuni hizi hazimlindi mlalamishi pekee. Humlinda mshtakiwa, ambaye huenda hakuwahi kufika mahali hapo, na huilinda heshima ya marehemu, ambaye picha zake zinapaswa kuonekana na wanaohusika tu na wala si kusambazwa kwenye simu za watu.

Kwa wataalamu wa Kiswahili, taaluma hii ina kazi inayowasubiri. Istilahi za upelelezi katika mahakama zetu hutofautiana kutoka kwa mkalimani mmoja hadi mwingine. Kusanifisha maneno ya doa, alama, kielelezo na mahali, na kuwafunza wakalimani kutafsiri kinachoonekana pasipo kukifasiri, ni huduma ambayo idara za Kiswahili vyuoni zinaweza kuitoa. Pindi wakalimani wa kesi moja wanapotumia neno moja kwa doa lilelile, hakimu ataweza kuitazama picha akijua kwamba maneno aliyosikia na kitu anachokiona havikinzani.